Kidole cha Miaka Mia Mbili

Mgonjwa akiogopa eksirei, Daktari alikuwa na maneno ya kumtoa nyoka pangoni.

"Tazama, mama yangu," alikuwa akisema, huku anamfunika mgonjwa kwa aproni nzito yenye madini ya risasi, kuanzia shingoni mpaka mapajani, taratibu kabisa. "Mionzi hii ni ndugu wa mwanga huu tunaoonea, ila yenyewe haina adabu. Ikikuta nyama inapita bila kubisha hodi. Ikikuta jino inapita kwa shida. Ikikuta risasi, imegonga mwamba. Ndiyo maana tunapata picha. Na picha moja ya jino ni kama mionzi unayoipata kwa kukaa tu duniani siku moja, kutoka ardhini, kwenye kuta, na huko juu angani. Siku moja! Jana si uliishi? Ulikufa?"

Mgonjwa hucheka, mabega yakashuka, mdomo ukafunguka. Na Daktari hakuwa anadanganya. Hilo tulielewe mapema, nisije nikaambiwa namsingizia mtu mzima. Kila alichowaambia wagonjwa kilikuwa kweli. Tatizo ni kwamba ukweli ule aliugawa wote kwa wagonjwa, yeye mwenyewe hakujibakizia hata kidogo.

Maana akishamaliza kuhubiri, alivaa glavu, akachukua kipande cha filamu kidogo kama stempu, akakiingiza mdomoni mwa mgonjwa. Kisha, badala ya kutumia kishikio cha plastiki kilichotengenezwa kwa kazi hiyo, alikibana kile kipande nyuma ya jino kwa kidole chake cha shahada cha mkono wa kushoto. Mdomo wa mashine akausogeza shavuni. Halafu akapaza sauti kuelekea mlangoni: "Piga!"

Nje ya mlango alisimama Msaidizi, kibonyezo mkononi, kwenye waya uliojiviringa. "Usitikisike!" anasema, anabonyeza, mashine inalia tii, kazi imekwisha. Wagonjwa wa siku nyingi walimwita Bi Usitikisike, na hata barabarani watu walimpungia mkono kwa jina hilo.

Huyu Msaidizi alikuwa shemeji wa Daktari, mdogo wa mke wake. Mke mwenyewe alikaa mapokezi na daftari la miadi na simu isiyonyamaza. Kliniki yote ilikuwa ya familia: mapokezi, chumba cha kiti, kijichumba cha eksirei chenye mlango mzito, na chumba cha giza cha kusafishia filamu, ambacho zamani kilikuwa stoo na hata sasa kilinuka dawa na vumbi la magunia.

Siku yake ya kwanza kazini, Msaidizi alifungua droo ya eksirei akakuta vishikio vinne, bado vimo kwenye mfuko wake, havijaguswa.

"Shemeji, hivi mbona havijafunguliwa?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani. "Hivyo vinawatapisha watu, halafu picha zinatoka kombo. Hiki," akainua kidole, "hakijawahi kukosea."

"Chuoni tulifundishwa kwamba mtu yeyote asishike filamu. Yeyote."

"Chuoni mlifundishwa na watu wasio na vidole vya maana. Na mimi nimevaa glavu, shemeji, kwani huioni?"

Glavu! Jamani. Mionzi iliyopita kwenye shavu, ikapita kwenye taya la mtu mzima, eti ije ishindwe na kimpira kinachochanika wakati wa kukivaa. Msaidizi alieleza siku hiyo, akaeleza mwezi uliofuata, akaleta na kitabu. Wapi! Daktari alikuwa haambiliki hasemezeki. Na picha zake, tuseme haki, zilitoka safi kweli.

Kidole chenyewe ndicho kilichoanza kusema. Mwaka wa tatu wa Msaidizi pale, ukucha ulianza mistari ya kusimama, ukageuka rangi ya chai. Ngozi ikakauka ikang'aa, kisha ikaanza kupasukapasuka. Na sasa, mwaka wa sita, kidonda kilikuwa kimetokea ubavuni mwa ukucha, kidogo kama punje ya mtama, kikakataa kupona. Leo kinafunga, kesho kinafunguka. Miezi minne.

Msaidizi alikuwa ameuona ukucha wa namna ile kabla, kwenye kile kitabu chake. Ukurasa uliofuata ulikuwa na picha nyingine ya mkono uleule, na kidole hakikuwapo. Mgonjwa alichelewa kupelekwa hospitali, kitabu kilisema. Kila Daktari alipovua glavu, Msaidizi alikiangalia kile kidonda, akaanza upya.

"Nenda hospitali, shemeji. Wakikiangalia mapema wanaweza kukiokoa. Ukichelewa watakikata, na huko kwenye magego utashikia nini?"

"Ni sabuni tu hii. Wiki ijayo nitakwenda."

"Wiki ijayo umeanza kuitaja tangu kidonda hakijazaliwa."

"Na usimwambie dada yako," Daktari alimalizia kila mara, sauti ikishuka. "Unaijua presha yake."

Basi dada mtu aliamini ni sabuni. Alibadilisha sabuni tatu, akaleta mafuta ya kila namna, akampiga marufuku mume wake kugusa maji ya vyombo. Nyumbani Daktari akawa anakula na kuacha sahani mezani kama bwana mkubwa, na kidole hakikushukuru. Msaidizi aliyaona hayo kila Jumapili akienda kula kwao, na alikasirika mpaka akaacha chakula. Alimpenda shemeji yake. Daktari ndiye aliyemtafutia nafasi chuoni, akamshika mkono alipofeli mtihani wa kwanza. Ndiyo maana hasira zilimuuma zaidi.

Tumaini lake likabaki kwa mkaguzi. Mkaguzi wa mionzi alikuja mara moja kwa mwaka, na boksi lake la vipimo na fomu ya kurasa nne. Safari hii Msaidizi alimngoja kwa hamu.

Mkaguzi alipima mlango, akausifu. Akaangalia aproni, akafurahi kwamba ilitundikwa, maana ikikunjwa inapasuka ndani. Akaomba majibu ya beji, kile kidude kinachovaliwa kifuani kukusanya mionzi na kupelekwa kusomwa kila baada ya miezi mitatu. Sasa Daktari, akiwa mtu mwangalifu, naye alivaa aproni yake kila anapoingia na mgonjwa, na beji aliivaa kwa ndani yake. Beji ilikuwa imelindwa kuliko mtoto wa kwanza. Majibu yalisoma karibu na sifuri.

"Daktari, wewe ni mfano wa kuigwa," mkaguzi alisema. "Kuna makarani wanaopata zaidi ya hii. Haya, swali la kumi na nne. Kliniki ina vishikio vya filamu?"

"Vipo," Daktari alijibu, akavuta droo.

"Na vipya kabisa!"

Hapakuwa na swali la kumi na tano lililouliza kama vinatumika. Msaidizi alifungua mdomo. Daktari akamtazama, jicho moja tu, jicho la shemeji linaloomba. Msaidizi akaufunga mdomo. Mkaguzi akampa Daktari mkono wa pongezi, mikono yote miwili, akamkamua kile kidole kwa furaha. Daktari alikunja uso, machozi yakamlengalenga, na mkaguzi akadhani ni unyenyekevu. Wiki hiyohiyo cheti kikatundikwa mapokezi, juu ya kichwa cha dada.

Ndipo akaja Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mstaafu wa hesabu, mzee mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni, aliyeogopa mionzi kuliko alivyoogopa mauti. Simu yake usiku aliilaza chumba cha pili. Lakini gego la mwisho la juu lilikuwa limemkosesha usingizi siku tatu, na maumivu ya jino hayajui falsafa. Alikuja Jumatatu asubuhi, shavu limevimba, na bahasha ya zamani kwapani.

Daktari alikuwa chumba cha pili anahangaika na glavu. Kidole siku hiyo kilikuwa kimefura, glavu ilifika kwenye kiungo ikagoma. Msaidizi akamwandaa Mwalimu peke yake, akamfunika aproni.

"Kabla hamjaanza," Mwalimu alisema, akatoa kwenye bahasha filamu ya miaka mitano nyuma, "msilisahau na hili jino langu la ziada. Sitaki aling'oe kwa bahati mbaya. Nimeishi nalo vizuri."

Msaidizi aliinua ile filamu kwenye mwanga wa dirisha. Magego yalikuwa pale, mizizi pale, na pembeni, limelala kimshazari, umbo la mviringo jeupe ambalo Mwalimu alikuwa amewaonyesha watoto, majirani, na hata wakwe zake.

"Mwalimu, hili si jino."

"Ni nini?"

"Ni mfupa wa kidole. Kidole cha Daktari. Siku hiyo kilisogea mbele ya filamu."

Mwalimu aliipokea filamu, akairudisha kwenye bahasha. Kupoteza jino ambalo hujawahi kuwa nalo ni pigo la ajabu, na alihitaji muda wa kulimeza. Lakini hesabu ni ugonjwa usio na kustaafu.

"Kwa hiyo naye alipigwa."

"Alipigwa."

"Picha moja, siku moja. Ndivyo alivyoniambia. Anapiga ngapi kwa siku?"

"Kumi. Siku nyingine kumi na tano."

"Tuseme kumi. Siku mia tatu kwa mwaka. Miaka mingapi?"

"Ishirini na sita."

Mwalimu alifumba macho, midomo ikacheza. "Elfu sabini na nane. Gawanya kwa mia tatu sitini na tano..." Akafumbua macho. "Miaka mia mbili na kumi na tatu, na ushee. Mimi nina sabini na moja. Kile kidole kimenizidi mara tatu! Mbona kinaniingia mdomoni bila kuamkiwa?"

Na hiyo ilikuwa hesabu ya huruma. Ile siku moja ya Daktari ilihesabu mionzi iliyotawanyika mwili mzima. Kidole kilikuwa kimekula yote peke yake, mahali palepale, kila mara. Msaidizi hakulisema hilo, kwa sababu Mwalimu alikuwa ameshaanza kuivua aproni.

"Kaa, Mwalimu. Wewe ni siku moja tu. Hayo mengine hayakuhusu."

"Nani amesema siku moja? Si yeye? Yeye mwenyewe anajua amefikisha ngapi?"

Hapo mlango ukafunguliwa. Daktari akaingia, kidole kimefungwa bendeji nene, na mke wake nyuma yake na mkasi aliokatia bendeji.

"Shemeji," Daktari alisema, akikwepa macho yake, "leo utashika wewe."

Msaidizi alidhani hakusikia vizuri. "Nishike nini?"

"Filamu. Wiki mbili tu, mpaka hii sabuni initoke mwilini."

"Vishikio vipo. Umemwambia mkaguzi vipo."

"Gego la mwisho hilo. Kishikio kitamtapisha mzee wa watu."

"Mimi sitapiki," Mwalimu alisema, lakini nani alimsikiliza?

"Mdogo wangu," dada mtu aliingilia, kwa ile sauti yake ya kupatanisha watu, "mwenzio anaumwa. Tangu asubuhi anajikaza kiume. Unavyomkodolea macho utafikiri umeambiwa ushike kaa la moto. Wiki mbili tu, hebu msaidie." Simu ikalia mapokezi, akaondoka mbio na mkasi wake.

Msaidizi alisimama palepale. Angeweza kupiga kelele. Angeweza kumfuata dada yake akamweleza yote, presha au si presha. Aliangalia bendeji ya shemeji yake, ambayo tayari ilikuwa na doa la unyevunyevu, na hasira zikampanda mpaka masikio yakawaka. Miaka sita ya kubembeleza! Sikio la kufa halisikii dawa, sawa, lakini sasa lilitaka na la jirani life pamoja nalo.

"Haya," alisema. "Nashika."

Akanawa mikono. Akavaa glavu. Akachukua filamu, akamwomba Mwalimu radhi, akaiingiza mpaka nyuma ya gego, akaibana kwa kidole chake cha shahada cha kushoto. Kwa mkono wa kulia akausogeza mdomo wa mashine mpaka ukagusa shavu la mzee.

"Vaa aproni kwanza," Daktari alisema.

"Aproni inafunika kidole?"

Daktari aliitazama ile aproni ukutani.

"Basi toka nje, Daktari, ushike kibonyezo." Hakumwita shemeji, na yeye alilisikia hilo.

Daktari akatoka. Mlango ukajifunga kwa uzito wake. Una kidirisha kidogo cha kioo cha risasi, usawa wa macho, na kwa miaka ishirini na sita Daktari hakuwahi kusimama upande ule. Sasa Msaidizi aliuona uso wake umejaa pale kiooni, miwani imemteleza puani. Alikuwa anaangalia shavu la Mwalimu, mdomo wa mashine, na kidole cha shemeji yake, chembamba ndani ya glavu, ukucha ambao alijua hauna doa, mahali ambapo kidole chake mwenyewe kimekaa maisha yake yote ya kazi.

"Piga!" Msaidizi alisema.

Mashine haikulia.

"Piga, Daktari."

"Ngoja kidogo." Sauti ilipita kwa shida mlangoni.

"Ningoje nini? Si ni siku moja tu? Nimevaa glavu, huioni? Au na mimi niache kuosha vyombo?"

Mwalimu, mdomo wazi, mate yanamchuruzika kidevuni, alitoa mlio wa kuomba yaishe, lolote lile liwe. Msaidizi hakumwangalia. Alikikaza kidole chake nyuma ya gego. Picha moja isingemfanya kitu. Yeye alijua, na yule aliyeko nje ya kioo alijua zaidi yake. Lakini hata Daktari alianza na picha moja.

"Bonyeza, shemeji!" sasa alikuwa anapiga kelele kweli. "Sema haina neno, halafu bonyeza!"

Alimwona akiinua kibonyezo. Akamwona dole gumba likikaa juu yake, likakaa, likaendelea kukaa. Jasho lilikuwa limemtoka Daktari mpaka kwenye masharubu. Halafu kibonyezo kikamponyoka, kikaning'inia kwenye waya wake kikigongagonga ukuta, na Daktari akausukuma mlango kwa bega.

"Toa kidole," alisema. "Siwezi. Toa, nakuomba, mama, toa."

Msaidizi akatoa. Mwalimu naye akajitoa filamu mwenyewe, akaiweka kwenye sahani ya vifaa kwa heshima zote.

Kelele zilikuwa zimefika mapokezi. Dada alitokea ukumbini, daftari la miadi mkononi, wagonjwa wawili wananyoosha shingo nyuma yake. "Kuna nini huku? Huwezi nini, baba?"

"Siwezi kumpiga," Daktari alisema. Alikuwa ameegemea ukuta, bendeji ameikumbatia kifuani. "Kidole kitamharibika. Kitakuwa kama hiki."

Ndiyo hivyo tu. Miaka ishirini na sita, na kauli yenyewe haikuchukua hata muda wa kumeza mate.

Dada aliwafungia wale wagonjwa mlango wa mapokezi usoni. Aliitazama mashine, akaitazama bendeji. Hakusomea mambo haya, lakini hakuzaliwa jana.

"Kwa hiyo si sabuni."

"Si sabuni."

"Na mimi nimekupaka mafuta miezi minne."

"Nilijua," Daktari alisema. "Nisamehe. Nilijua muda mrefu. Nilikuwa naogopa wataniambia wakikate."

Dada hakupiga kelele. Ningependa kusema alipiga, ingekuwa nafuu kwa kila mtu. Alivuta kile kistuli cha chuma, akamkalisha mume wake kama mgonjwa mwingine yeyote, akamwambia leo hii, sasa hivi, wanakwenda hospitali, na wagonjwa wote watapangiwa siku nyingine. Akainama nje ya mlango aokote daftari lililomwanguka. Alipoinuka, kile kibonyezo kilikuwa kinaning'inia mbele ya uso wake, bado kinacheza kidogo. Akakishika kukituliza. Akakigeuza, akakitazama, na Msaidizi akamwona anavyofikiri, hatua kwa hatua, na hakuweza kumzuia.

"Wewe ulikuwa mle ndani," alimwambia mume wake polepole, "kidole chako kimo midomoni mwa watu."

"Ndiyo."

"Na hiki kiko huku nje. Na hakijibonyezi."

Daktari alielewa kabla ya swali. "Mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa naamuru. Kila mara. Lawama ni zangu."

"Sijakuuliza nani aliamuru. Nauliza nani alikuwa anabonyeza."

Mwalimu aliangalia dari. Msaidizi alivua glavu ile, kidole baada ya kidole, akaishikilia mkononi kwa kukosa pa kuitupa.

"Mimi, dada," alisema.